Kifaransa Kisicho na Apostrofi

Tarakimu ndogo ndiyo mbaya zaidi. Anzeni hapo, wanangu, maana kila kijana niliyempokea ofisini alikosea hapo. Mashine inapotuma ujumbe, inaupa daraja la uzito kuanzia sifuri hadi saba. Sifuri maana yake mashine inakufa. Saba maana yake inajisemea tu, kama mzee anayeota jua. Kijana mgeni anapanga jedwali lake kuanzia namba kubwa, anasoma zile saba asubuhi nzima, halafu anakuja kuniambia, "Mama Odile, kila kitu iko bien." Kumbe chini kabisa, ambako hakufika, pampu inaungua.

Mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu. Sijui kama mtafurahi. Nyumbani kwangu hapa Likasi umeme unakuja unapotaka, na kompyuta yangu imezima tangu jana, kwa hiyo mtu aliyemaliza ujana wake kwenye hifadhidata anawaandikia kwa kalamu ya Bic. Chekeni sasa, maana mbele hakuna cha kuchekesha.

Kiwanda chetu kilisaga na kusafisha mawe ya shaba yaliyokuja kwa malori kutoka upande wa Kakanda. Jina lake sitalitaja. Kila mashine pale, mikanda ya kubebea mawe, vinu, pampu, ilituma mistari mifupi ya maandishi kwenye seva iliyokuwa ofisini kwetu: mimi ni fulani, saa hii, nimewaka, nimezima, nina joto. Mistari hiyo ndiyo logi. Kazi yangu ilikuwa kuandaa programu za kuichambua, yaani kuukata kila mstari vipande, saa upande wake, jina la mashine upande wake, uzito upande wake, maneno upande wake, na kukipangia kila kimoja safu yake ndani ya hifadhidata. Mtu akiuliza pampu zipi zilisimama Alhamisi, anajibiwa kabla chai haijapoa. Bila hivyo angesoma maandishi mpaka macho yamtoke.

Pale kiwandani hakuna aliyesema hifadhidata. Walisema "base", kwa Kifaransa, na walilisema neno hilo kama watu wanavyomtaja hakimu. Mafundi wakibishana kwenye kantini, mmoja alikuwa anakata maneno: "Tuulize base." Nami nilivimba kichwa kidogo, siwafichi, maana base ilikuwa chini ya ulinzi wangu.

Aliyenifundisha ni Papa Kalenga, mkuu wa ofisi yetu, mtu wa kanisa, aliyeimba sauti ya chini kwenye kwaya ya parokia. Asubuhi alisoma logi za usiku kwa sauti, kama litania. "Pompe trois, température haute," yaani pampu ya tatu, joto kali. Nasi tulitakiwa kuitikia, "Tumeona." Usipoitikia alisimama na kukutazama mpaka uitikie. Vijana walimcheka. Mimi pia nilimcheka, lakini nilijifunza kusoma logi kwa masikio, na hata leo mstari uliopungukiwa na kitu nausikia kabla sijauona.

Yeye ndiye aliyenifundisha mambo mengi ambayo ninyi mnayapuuza. Wekeni saa mbili katika kila mstari: saa ambayo mashine inadai, na saa ambayo seva imepokea, kwa sababu saa ya mashine ikikosa umeme inarudi utotoni na kukuletea ujumbe wa mwaka ambao hamjazaliwa. Msitengeneze safu kwa kila neno jipya, jedwali litakuwa pana kama uwanja wa mpira na tupu kama uwanja huohuo siku ya mvua. Majina ya mashine yawekeni kwenye jedwali lao, mkitumia namba tu kwenye jedwali kubwa, vinginevyo siku moja mtakuwa na "Pompe 3", "pompe3" na "Pompe trois", na mashine ni moja.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mashine zetu zilinunuliwa zikiwa zinazungumza Kiingereza. Mkanda ukikwama, skrini ya chumba cha uendeshaji ilitoa maneno ambayo waendeshaji wetu hawakuyaelewa, wakabaki wanatazamana. Papa Kalenga hakulikubali hilo. Alikaa na kamusi, akatafsiri ujumbe wote, mmoja mmoja, kuwa Kifaransa. Nilimwambia apumzike, akanijibu, "Odile, muntu akikufa juu ya Kiingereza, nani atajibu kwa Mungu? Weye?" Tangu hapo mtu akifinya kile kitufe chekundu cha kusimamisha mkanda kwa haraka, skrini iliandika *Arrêt d'urgence*, yaani kusimama kwa dharura. Kila mtu alielewa. Hata wale ambao hawakumaliza shule walilijua neno hilo, walisema "dirijansi", na kitufe wakakiita bouton ya dirijansi.

Sisi tulikata mistari, lakini programu ya kuviingiza vipande kwenye base haikuwa yetu. Aliiandika injinia mmoja wa kukodiwa, akiwa mbali, akaijaribu kwa ujumbe wa Kiingereza, ikafanya kazi, akaja akaifunga kwenye seva, akapiga picha na mkurugenzi, akaondoka. Sisi hatukuruhusiwa kuifungua. Na kwa kuwa diski za seva zilikuwa ndogo, uongozi uliagiza kwamba mistari ikishaingia kwenye base, maandishi ya awali yafutwe. Papa Kalenga alipinga. Aliambiwa kwamba kilichomo kwenye base kinatosha.

Sasa mwendeshaji wa mkanda wa pili. Aliitwa Mwansa, mtu mpole, mnene kidogo, aliyekuwa anakula bukari yake, yaani ugali, peke yake akitazama mkanda hata wakati wa mapumziko. Alimwingiza kazini Trésor, mwipwa wake, yaani mtoto wa dada yake. Kwa watu wa kwao, mjomba ndiye mwenye mtoto zaidi ya baba, na dada mtu, Mama Clémence, muuza mboga sokoni Kikula, alimkabidhi Trésor mbele ya ndugu wote. Trésor alikuwa fundi msaidizi, mcheshi, aliyetembea kiwandani akipiga mluzi, jambo lililokatazwa.

Asubuhi moja Trésor aliinama kusafisha roli la kuzungushia mkanda wa pili, mkono wa koti lake ukashikwa. Mkanda ukamvuta. Mwansa alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kitufe chekundu. Mkanda ulisimama baadaye, mwendeshaji wa chumba cha juu, kile cha uendeshaji, aliposikia kelele na kuuzima kutoka kwake, bila hata kutazama skrini. Trésor alikuwa amekwisha kufa.

Iliundwa tume. Waliketi kwenye ukumbi wa mafunzo, na mimi niliitwa na kompyuta yangu, kwa sababu base ndiyo ingesema. Mwansa alisimama. Bado alikuwa na buti za kazi.

"Minye nilifinya," alisema. "Nilifinya bouton na mukono yote, mukanda haikusimama. Nikafinya tena. Mutoto alikuwa analia jina yangu, bakubwa. Nilifinya."

Mwenyekiti wa tume alinigeukia. "Maman Odile, base inasema nini?"

Niliuliza base. Nilipata *Arrêt normal, salle de contrôle*, usimamishaji wa kawaida, ule wa chumba cha juu. Nilipata mistari ya joto, ya mwendo, ya uzito wa mawe. *Arrêt d'urgence* haukuwepo. Niliuliza tena kwa namna nyingine, na nyingine. Nikajibu kwamba mstari huo haumo. Nilichosema kilikuwa kweli, na hadi leo ningekisema hivyohivyo, kwa maana ndivyo base ilivyokuwa.

"Base haina sababu ya kumusingizia muntu," mwenyekiti alimwambia Mwansa, kwa sauti ya upole kabisa. "Labda uliogopa, mukono ikakatala. Inafikaka kwa kila muntu."

Walikijaribu kitufe. Kilifanya kazi vizuri, maana sanduku lake lote lilikuwa limebadilishwa siku iliyofuata ajali, likawa jipya, linang'aa. Hakuna aliyeuliza la zamani liko wapi. Mwansa alifukuzwa kazi.

Mkasa wenyewe ulikuwa mbaya tayari, lakini kwa Mwansa kufukuzwa kazi kulikuwa jambo dogo. Habari ya base ilifika matangani Kikula kabla yake. Mnajua jinsi watu wetu wanavyosema mjomba akifiwa na mwipwa wake kazini, tena kwenye mgodi au kiwanda. Wanasema amemla. Mambo hayo wakati mwingine yanasemwa chinichini na kupita, lakini safari hii walikuwa na mashine upande wao. Mashine ya kisasa, isiyojua ukoo wala uchawi, ilisema mtu huyu alisimama karibu na kitufe na hakukifinya. Nilikuwepo. Mama Clémence aliinuka kutoka kwenye mkeka, nguo ya kilio kiunoni, akamwonyesha ndugu yake mlango.

"Uliniomba mutoto, nikakupa," alisema. "Base yenu yenyewe imekukatala. Toka. Usiguse mukono yangu tena mpaka kaburi."

Mwansa akatoka. Baadaye tulisikia kwamba yuko kule ziwani Tshangalele, anakausha samaki wa watu. Ofisini Papa Kalenga aliendelea na litania yake kwa muda, sauti ikipungua, kisha akastaafu, kisha tukamzika. Niliimba kwenye mazishi yake na sikuwa na neno baya moyoni.

Miaka ilipita. Karibu na mwisho wa kazi yangu tulipewa seva mpya, nami nikakabidhiwa kuihamisha base, na kwa mara ya kwanza niliruhusiwa kuifungua ile programu ya injinia. Siku hiyo nilikuwa chumba cha juu kwa shughuli nyingine. Pampu moja ilikosa maji, na mbele ya macho yangu skrini ikaandika *Manque d'eau*. Nilishuka ofisini kuutafuta mstari huo kwenye base, kwa ajili ya majaribio tu. Haukuwemo. Nilidhani nimekosea saa. Nikatafuta *Manque d'eau* zote tangu base ianze. Hakuna. Kiwanda kinachonywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, hakikuwahi kukosa maji hata mara moja!

Masikio ya Papa Kalenga yakaamka kichwani mwangu. Niliusoma mstari ule kwa sauti, polepole, kama yeye. Manque. D. Eau. Ulimi wangu ukakwama pale katikati. Nikaiuliza base swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliuliza: nipe mistari yote yenye apostrofi, kile kialama kati ya *d* na *eau*.

Haukuwepo hata mmoja. Maandishi ya Kifaransa ya miaka mingi, bila apostrofi. Hicho si Kifaransa, wanangu, hicho ni Kifaransa kilichokatwa ulimi.

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Unapoiamuru hifadhidata iweke maneno fulani kwenye safu, maneno hayo unayafunga kati ya alama mbili ndogo, na alama hiyo ni sawasawa na apostrofi. Programu ya yule injinia iliyachukua maneno ya mashine na kuyabandika ndani ya amri kama yalivyo. Ikifika kwenye *d'urgence*, hifadhidata inaona ile alama na kudhani maneno yameishia kwenye *d*. Kinachobaki, *urgence*, inakiona upuuzi, inakataa amri nzima. Na programu ile, badala ya kulalamika, ilikuwa imeandikwa kwamba ikikataliwa iruke, iendelee na mstari unaofuata, kimya. Kwa Kiingereza maneno yale hayakuwa na alama hiyo. Apostrofi tuliileta sisi, kwa huruma ya Papa Kalenga, ili mtu asife kwa ajili ya Kiingereza. Niliweka kichwa mezani nikalia. Nilishukuru kwamba yeye alikwisha kufa, na nikachukia kwamba nashukuru.

Nilijilazimisha kuuliza swali la mwisho. Kila mwanzo wa mwezi watu wa usalama walikifinya kitufe chekundu mbele yetu sote, kwa mazoezi, tukipiga makofi. Nikaomba *Arrêt d'urgence* zote tangu mwanzo. Jibu lilikuwa tupu. Base haikuwahi kumwona mtu yeyote akikifinya kitufe kile.

Nilipanda kwa mkurugenzi siku hiyohiyo. Alikuwa mpya, hakuwepo wakati wa ajali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akielewa kila kitu, nikaona kabisa anaelewa.

"Maman Odile," alisema, "ile dossier ya ajali ilifungwa. Répare programme, itengeneze tu. Tukifungua ile, batauliza sanduku ya zamani ilienda wapi, na batu bengine batapoteza kazi."

"Na Mwansa?"

"Mwansa anauza samaki," alisema, kama anayenipa habari njema.

Nilitengeneza programu. Nawaambia jinsi, ili msiseme hamkuambiwa. Msibandike maneno ya mashine ndani ya amri. Acheni nafasi tupu kwenye amri, kisha ipeni hifadhidata maneno hayo pembeni, yenyewe itayaweka mahali pake bila kuyasoma kama amri. Tengenezeni jedwali la waliokataliwa, kila mstari ulioshindwa kuingia ulale humo mzima, na mtu alitazame kila asubuhi. Na mstari wa awali, kama mashine ilivyoutoa kinywani, uwekeni mzima kwenye safu yake pembeni ya vile vipande. Bosi akisema diski ni ndogo, ombeni diski kubwa. Gombaneni naye. Msiogope kufukuzwa, mimi nimeona kinachotokea watu wasipogombana.

Nilipomaliza nilikwenda Kikula. Mama Clémence alikuwa amezeeka, bado anauza lengalenga na matembele palepale sokoni. Nilimweleza bila maneno ya kizungu. Nilimwambia ile base haikuwa shahidi, ilikuwa kiziwi kwa neno moja tu, na neno hilo ndilo lilelile dirijansi. Alinisikiliza akipanga mafungu ya mboga, akayapanga upya, akayapanga upya tena.

"Kwa hiyo alifinya?"

"Base haijui, Mama. Haikuweza kujua. Waliosema hakufinya, hata mmoja hakuwepo pale mkandani. Aliyesema alifinya ni yeye tu, na hakusikilizwa."

Alikaa chini kwenye gunia. "Ni minye nilimufukuza," alisema. "Tuende. Nitamulomba anisamehe, hata na magoti."

Tulikwenda wote wawili, kwa pikipiki mbili, vumbi la kiangazi likatufanya wekundu. Tulimkuta Mwansa kwenye vichanja vya samaki, amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Alipomwona dada yake alirudi nyuma hatua moja, mikono nyuma ya mgongo, kama aliyekumbuka kwamba hatakiwi kumgusa.

Nilimweleza yote. Nilimweleza polepole, apostrofi, amri, jedwali, mazoezi ya kila mwezi. Aliitikia kwa kichwa kila mahali panapostahili, kwa adabu, kama mtu anayehubiriwa.

"Asante, Mama Odile," alisema nilipomaliza. "Umechoka bure. Minye sikufinya."

"Ulisema ulifinya! Mbele ya tume, nilikusikia kwa masikio yangu."

"Nilisema. Nilikuwa na bwoga. Kisha nilifikiri, nilifikiri, miaka yote hii. Ninaonaka mukono yangu, kila siku ninaiona. Iko inakwenda kwa bouton, haifike. Base ilikuwa na akili kunipita."

"Base haikujua kitu, Papa Mwansa!"

"Basi nani anajua?"

"Weye. Weye peke yako unajua."

Alifikiri. Alifikiri kweli, nilimwona akitafuta, uso umekunjamana. "Hapana," alisema. "Minye sijui tena."

Mama Clémence alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga na magamba ya samaki. "Ulifinya," alimwambia. "Ndugu yangu, sikiliza minye. Ulifinya. Mutoto alikuita, na weye ulifinya. Sema ulifinya." Alimshika mikono yote miwili, akaitikisa. Mwansa aliitazama mikono yake ndani ya mikono ya dada yake, machozi yakaanza kumtoka, na nikadhani sasa imefika, sasa amekumbuka.

"Yaya, dada yangu," alisema, "asante ya kuya mpaka huku. Asante ya kunisamehe."